Mpya ya Aimable au Kuukuu ya Ricky

Gatesi alichoshwa na fremu kabla hajanunua hata moja. Ile yake ya zamani ilipasuka chini, pale pedali zinapoungana na mwili wa baiskeli, katikati ya mazoezi, wiki mbili kamili kabla ya majaribio ya klabu. Wiki mbili! Ingepasuka mwezi wa tatu asingelalamika. Lakini ilisubiri, kama mtu mwenye kisa na wewe, mpaka siku ambazo hakuna tena nafasi ya kukosea.

Na nafasi kweli haikuwepo. Kocha Kimenyi alikuwa anachukua wasichana wawili tu kuingia kwenye timu, wale wa kulipiwa safari na kupelekwa mashindanoni, na sharti lake halikuwa na mjadala: uwe hujatimiza miaka ishirini na mitatu. Gatesi alikuwa anatimiza ishirini na mitatu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo ni Jumapili ile, kutoka Gisenyi mjini kupanda mpaka Mahoko na kuendelea, au basi. Baada ya hapo ni kufua mashuka ya hoteli mpaka azeeke, na baiskeli ibaki kitu cha kusimulia.

Vitu vingine vyote alikuwa navyo. Magurudumu mazima, breki nzima, usukani, kiti, mnyororo aliousugua mpaka unang'aa. Alikosa fremu tu, na pesa aliyoiweka kwa miezi minane ilitosha fremu moja, si mbili.

Mjini zilikuwepo mbili za kumfaa. Ya kwanza ilikuwa dukani kwa Aimable, karibu na soko: mpya, nyekundu, ya aluminiamu, bado imevaa plastiki yake, haina jina la maana, nzito kidogo, na ina dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye karatasi ambayo Aimable aliikunja na kuikunjua mbele ya kila mteja kama cheti cha ubatizo. Ya pili ilikuwa ya Ricky, kijana aliyekulia Uganda, aliyekimbiza baiskeli misimu mitatu kabla ya kuoa na kunenepa. Ya Ricky ilikuwa kuukuu, ya buluu, ya kaboni, nyepesi mpaka unaiinua kwa vidole viwili. Bei zilikuwa sawasawa. Zingetofautiana, akili ya mtu ingepumzika, lakini hapana, walikuwa kama wamepatana wamtese.

Kila mwenye mdomo akawa na la kusema. Mama yake, Nyirasafari, aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale Nyamyumba tangu kabla ya kuolewa, hakuhitaji hata kuziona.

"Ile ya Ricky ni chaguwa," alisema, akiitupa kundi moja na viatu vya mitumba. "Haujui alianguka nayo mara ngapi. Kitu mupya, hata kama itakufia, angalau imekufia we wa kwanza."

Wasichana wa klabu waligawanyika nusu kwa nusu. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama ambaye hajawahi kukalia kiti cha baiskeli maishani mwake, alisema achukue nyekundu kwa sababu magari yataiona kwa mbali. Gatesi akamwendea Kimenyi, akitumaini kwamba huko angalau atapewa jibu moja.

"Fremu kuukuu iliyo nzima inaishinda mpya iliyotengenezwa ovyo, binti," alisema Kimenyi, ambaye alizaliwa na kusomea Karagwe na Kiswahili chake kilinyooka kama shati lake. "Ila kaboni ikipasuka kwa ndani huoni kitu. Si chuma ile, ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Chukua sarafu, igonge kila mahali. Ikilia kwa ukali, ni nzima. Ikilia kama mkate, achana nayo."

"Donc ninunue ya Ricky?"

"Sijasema hivyo."

"Ya Aimable?"

"Hilo nalo sijalisema. Baiskeli ni yako. Mimi Jumamosi nitaikagua, na nisipoiridhia, Jumapili hupandi."

Huyo ndiye Kimenyi. Atakueleza kila kitu isipokuwa ulichomuuliza, halafu atakukagua.

Basi Jumatatu baada ya kazi Gatesi alibeba magurudumu yake yote mawili mpaka kwa Aimable, ajaribishe. Hayakuingia. Fremu nyekundu ilitaka breki za diski, na yake yalikuwa ya breki za mpira za kubana pembeni.

"Bon, hiyo haiko shida," Aimable alisema bila aibu. "Ununue na magurudumu yake. Iko nayo hapa."

"Juzi uliniambia kila kitu yangu inaingia!"

"Inaingia. Kama uko na vitu ya kuingia."

Gatesi alimtazama muda mrefu hata Aimable akaona afadhali apange upya kufuli zake kwenye rafu. Kwa nini hakusema? Aliulizwa waziwazi, mara mbili, akaitikia mara mbili. Gatesi alitoka na magurudumu yake, moja kila bega, akapita katikati ya soko huku watu wakimuuliza kama anauza.

Kwa hiyo ilibaki ya Ricky, na Ricky naye akawa hapatikani. Jumatatu jioni alisema njoo kesho asubuhi. Kesho asubuhi alikuwa amekwenda Musanze. Alisema njoo saa kumi na moja, na saa kumi na moja mke wake akasema amelala. Jumatano ndipo alipotoka nje na ile fremu mikononi, anatabasamu kana kwamba ni yeye aliyekuwa anasubirishwa.

"Sista, hii ni orijino. Imepanda milima yote ya nchi hii."

"Ndiyo hiyo inaniogopesha," Gatesi alisema, akatoa sarafu.

Aliigonga nusu saa nzima. Aliinama na kuigonga kwenye bomba la juu, la chini, la kiti, kwenye mikono ya nyuma, kila upana wa kidole, sikio karibu. Ricky alianza kwa kucheka, akaendelea kwa kupiga miayo, akamalizia kwa kuingia ndani kula. Ililia kwa ukali kila mahali. Ilikuwa kubwa kidogo kwake, lakini hilo linarekebishika kwa kushusha kiti. Gatesi alilipa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi alihisi kifua kimefunguka, akairudisha nyumbani Nyamyumba begani, na njia nzima hakumjibu mtu.

Mtu mmoja tu alikuwa hajatoa ushauri, naye ni baba yake. Bizumuremyi alibeba viazi kwa baiskeli miaka ishirini na minane, kutoka Mahoko kushuka Gisenyi, magunia mawili, wakati mwingine matatu, mpaka goti lilipokataa. Siku zote hizo za fremu alikaa kimya na Gatesi alimshukuru moyoni. Jioni ile ya Jumatano alikuja kuitazama ikiwa imening'inia ukutani. Aliibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii iko nyepesi sana."

"Ndiyo uzuri yake, papa."

"Wameikaza?"

Gatesi alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ina grisi mpaka viwiko, na simu pembeni ilikuwa inalia bila kukoma, wasichana wa klabu wakimuuliza kwa nini ameacha ile nyekundu. Hata hakuinua kichwa.

"Bado."

"Basi kesho niipeleke kwa Wellars, Mahoko?"

"Papa, fanya tu unavyotaka. Mi nimechoka na maneno ya fremu."

Hapo lazima nieleze, maana mtu wa mbali hataelewa. Katika milima ile hakuna baiskeli inayopandwa kama ilivyotoka dukani. Baiskeli ya dukani ni kama jembe lisilo na mpini. Mwenye nayo anaipeleka kwanza kwa mchomeleaji, inaongezwa vyuma chini ya kiti, kwenye uma wa mbele, kwenye karia, ndipo inaitwa baiskeli na ndipo inabebeshwa. Huko ndiko kukaza. Wellars wa Mahoko alikuwa amemkazia Bizumuremyi baiskeli zote alizowahi kuwa nazo. Gatesi alikua akiona hayo, na ndiyo maana neno lenyewe lilimpita sikioni kama salamu. Haikumjia kabisa kwamba baba yake angeihesabu ya mashindano pamoja na zile za viazi.

Alhamisi jioni alirudi kutoka hotelini. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, ameoga, amevaa shati la kanisani. Fremu ilikuwa imeegemezwa ukutani kando yake.

Vyuma viwili bapa, upana wa vidole viwili, vilikuwa vimelala pande zote mbili za bomba la juu, vikapinda na kushuka kwenye bomba la kiti. Vilishikwa kwa bolti sita, na bolti zilipita katikati, kutoka upande huu hadi upande wa pili. Zaidi ya yote, vilipakwa rangi ya buluu. Mtu alitafuta buluu inayofanana.

"Moto ulikataa," Bizumuremyi alisema, amejaa furaha. "Wellars amesema hii haiko chuma, moto itaiunguza. Nikamwambia basi utoboe, utie bolti. Tumeshinda kule tangu asubuhi. Rangi nilipaka mi mwenyewe."

Gatesi alitia kidole kwenye moja ya bolti. Unga mweusi wa nyuzi ulimganda kwenye ncha ya kidole. Alitaka kulia na alitaka kupiga kitu, na kwa kuwa hakuweza kuamua, alibaki ameinama pale.

"Papa, umeiua."

"Nani?"

"Hii! Hii haitobolewi! Ikitobolewa imekwisha, inapasuka, haina tena maana! Nimegonga kila mahali na sarafu juu ya nini? Juu ya nini, papa?"

Bizumuremyi aliitazama fremu, kisha akamtazama binti yake, kama mtu anayeelezwa jambo kwa lugha ya watu wengine.

"Mi fremu ilinikatikia kwa muteremko wa Kanama," alisema polepole. "Na gunia mbili juu yangu. Siku ile sikuwa nimeikaza, nilikuwa na haraka. We utashuka kwa mbio kuliko mi. Na nilikuuliza, Gatesi. Nilikuuliza, ukasema nifanye."

Hilo ndilo lililomkera kupita yote, kwamba ni kweli. Angepata mtu wa kumlaumu peke yake ingekuwa nusu ya dawa. Alikwenda kukaa kwa mama yake jikoni, na mama yake, Mungu ambariki, alifungua mdomo aseme neno juu ya chaguwa, akamwona usoni, akaufunga.

Ijumaa ilipotea kwenye simu. Kuna msichana mwenye baiskeli mbili? Hakuna. Aimable anaweza kukopesha fremu na magurudumu yake mpaka mwisho wa mwezi? Aimable alicheka. Klabu ina baiskeli ya akiba? Ilikuwepo, lakini mwenzake Iribagiza, ambaye uma wake wa mbele ulipinda Jumatano, aliichukua Alhamisi mchana. Alhamisi mchana! Wakati ule Gatesi alikuwa anapiga pasi foronya za hoteli na kujiona mtu aliyebahatika.

Jumamosi alifunga vitu vyake vyote kwenye ile fremu hata hivyo, akampelekea Kimenyi, kwa sababu mtu huwa hakati tamaa kwa akili, anakata tamaa akionyeshwa. Kimenyi hakuhitaji kuinama. Aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amefanya hivi?"

"Fundi."

"Binti, ikikukatikia kwenye mteremko nitamwambia nini mama yako?"

"Nitapanda tu, kocha. Kushuka nitashuka polepole."

"Hapana."

"Mi natimiza ishirini na tatu mwezi wa kwanza."

"Najua unatimiza lini," alisema Kimenyi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikunyooka. "Hapana."

Alipofika nyumbani baba yake alikuwa anatoka. Alikuwa na mfuko mdogo na fimbo, anakwenda Mahoko kulala kwa dada yake, ili kesho awahi kusimama mahali pazuri barabarani. Bizumuremyi ambaye hajakosa misa tangu abatizwe. Alisimama mbele ya Gatesi, akaitazama baiskeli imekamilika, ina magurudumu na usukani, akauliza kwa tahadhari:

"Kocha ameona chuma?"

"Ameona."

"Amesema nini?"

Gatesi angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni, mafupi, manne au matano. Lakini alikuwa na hasira ya siku tatu na hakuwa na mtu wa kumpa, na hasira ikamwambia: mwache aende. Akasimame pale barabarani, ajionee mwenyewe alichofanya.

"Ameshangaa," alisema.

Mzee akatabasamu, akashika njia.

Ukali huo haukulala naye usiku mzima. Alfajiri ulikuwa umeshamtoka, amebaki na picha ya baba yake na fimbo yake, amesimama kwenye ukingo wa lami akiangalia chini. Alivaa viatu, akatafuta pikipiki, akamwambia dereva Mahoko, haraka. Hawakufika mbali. Chini ya mlima gari la klabu lilikuwa limepita likisimamisha magari na pikipiki zote, na Gatesi akakaa pale, nyuma ya dereva asiyemjua, akawatazama wakipanda. Walikuwa saba. Iribagiza alikuwa wa mbele, juu ya baiskeli ya akiba, mdomo wazi, anakanyaga vibaya vilevile kama siku zote. Gatesi alimshinda kwenye mlima huo mara nne mwezi uliopita. Aliuma kola ya jaketi yake mpaka wakapita.

Alipofika Mahoko wapanda baiskeli walikuwa wameshapita zamani. Watu walikuwa wanaondoka ukingoni, wamama wanarudisha vikapu vichwani, mtu anakusanya viti vya kanisa alivyoviazima. Kundi dogo tu lilibaki mbele ya karakana ya Wellars, wazee sita au saba, wabeba viazi wa zamani, kila mmoja na mguu wake mbovu. Katikati alikuwa Bizumuremyi, shati la kanisani, ameshika fimbo kwa mikono miwili na shingo ameielekeza barabarani, chini.

Gatesi alikuja kwa nyuma yao. Hawakumwona.

"Saba wamepita," mmoja alisema. "Bizumuremyi, twende tukunywe chai."

"Muende. Mi nangojea."

"Gari ya mwisho imeshapita, yewe."

"Anakuja," alisema Bizumuremyi. "Ile chuma inamutia uzito kidogo. Lakini haitamukatikia."

"Bolti zangu?" alisema Wellars. "Haiwezekani."

Wakabaki wote, kwa heshima yake, wanaitazama barabara tupu. Gatesi alisogea hatua moja, akasita. Alikuwa amekuja amweleze baba yake peke yake, kando, kwa sauti ndogo. Sasa walikuwapo wenzake wote wa miaka ishirini na minane, na Wellars na mikono yake mikubwa.

"Papa."

Aligeuka. Alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha nyuma yake, akitafuta baiskeli. Rangi ilimtoka usoni.

"Imekukatikia?"

"Hapana. Sikupanda. Kocha alinikataza."

"Juu ya chuma?"

Wazee waligeuka wote. Wellars aliacha kufuta mikono yake. Kwa siku tatu Gatesi alikuwa ameliandaa jibu hilo, analisema akifua, analisema akila, akalijua kwa moyo: ndiyo, papa, ni juu ya chuma yako.

"Chuma iko muzuri," alisema. "Kocha amesema fremu yenyewe ilikuwa imeoza tangu zamani. Ricky alinidanganya. Mi ndiye nilichagua mubaya."

Bizumuremyi alishusha pumzi ndefu. Mabega yakashuka, rangi ikamrudia, na kabla hajasema kitu wazee wote walikwisha kufunguka. Mmoja alisema kitu cha kununua kwa mtu hukichunguzi ukakimaliza. Mwingine alisema vijana hawaulizi. Wellars alisema aliiona tangu alipoitia keekee, ule unga haukuwa unga wa kitu kizima. Wa nne alisema mtoto wa ndugu yake alinunua mpya kwa Aimable, nyekundu, na mpaka leo haijambo.

"Ungenunua mupya, mwana wangu," alisema Bizumuremyi, ambaye hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Alimwekea mkono begani, mkono mzito, wenye buluu iliyokauka chini ya kucha. "Usilie. Mwaka kesho tutanunua mupya, mi nitakusaidia. Wellars ataikaza muzuri, utawashinda wote."

"Ataikaza kabisa," Wellars alisema.

"Sawa, papa," alisema Gatesi, akamshika mkono wavuke barabara waende chai.